Kidato Sifuri

"Saba, saba, mbili, halafu sifuri. Sifuri, bwana! Ile inafanana na yai!"

Foleni nzima ya posta ya Thika ilicheka. Ilikuwa Ijumaa ya mwisho wa Mei, mwaka wa tisini na sita, na watu walikuwa wamejazana hadi mlangoni. Mwanamke aliyekuwa ndani ya kibanda cha simu hakujali kicheko chao. Alivaa gauni la bluu lenye vidoa vyeupe, mkanda mpana mweusi na raba nyeupe zilizooshwa juzi. Nywele alizifunga kwa kitambaa cha manjano. Mkononi alishika karatasi iliyojaa tarakimu.

Ghafla akatoa kichwa nje. "Jamani, nani ana shilingi tano? Itakata!"

Nyuma yake alisimama kijana mrefu, shati jeupe la mikono mifupi, bisibisi mbili katika mfuko ambao wengine huweka kalamu. Alimpa sarafu.

"Shika. Na uombe kuongea na Viren. Hao wengine watakuweka kwa laini mpaka uzeeke."

Mwanamke akamkodolea macho. "Umejuaje naongea na nani?"

Kijana aliinua karatasi yake mwenyewe. Nayo ilijaa tarakimu.

Kijana huyo aliitwa Makau, fundi wa kompyuta wa mtaa wa Makongeni, hapo hapo Thika. Mwanamke aliitwa Nafuna, naye alikuwa na ofisi ndogo ya kompyuta mjini Ruiru, juu ya bucha. Wote wawili waliishi kwa kuchapisha ripoti za shule kwa programu moja iliyoitwa Ripota. Programu yenyewe ilikuwa nzuri, ila masharti yake yalikuwa ya kishetani. Leseni ilikuwa ya mwaka mmoja na ya mashine moja tu, haihami. Stima ikipotea ghafla na mashine kuzimika, programu ilisahau kwamba imelipiwa, ikaonyesha tarakimu kumi na mbili na kukataa kazi. Hapo unapiga simu kwa wakala Nairobi, unamsomea tarakimu, naye anakupa nyingine za kuifungua. Na simu za Ruiru zilikuwa zimekufa tangu mvua ya Jumatatu, ndiyo maana Nafuna alikuja Thika.

Alitoka kibandani uso umemshuka.

"Wamenifungulia," alisema, "lakini leseni yangu inaisha tarehe thelathini na moja Julai, na hawataongeza. Wanataka ninunue Ripota mpya. Hiyo mpya haiwezi kuingia kwa mashine yangu. Inataka Windows mpya, inataka memori mara mbili. Kwa ufupi, inataka mashine mpya!"

"Yangu inaisha Oktoba," Makau alisema. "Nitalia wakati huo. Twende tunywe chai, nilie na wewe mapema."

"Wewe huwa unaalika wanawake hivyo?"

"Hapana. Kwa kawaida huwa naogopa."

Nafuna alicheka. Chai ikawa na maandazi, maandazi yakawa na hadithi, na Makau akasahau kabisa kupiga simu yake.

* * *

Simu za Ruiru zilifufuka, na Juni yote ilikwenda kwa simu. Makau hakuwa na simu yake. Alikodi chumba cha nyuma katika duka la vipuri la Pradip, mzee mwenye miwani mizito, na simu ilikuwa juu ya kaunta, kati ya mafuta ya breki na masikio ya Pradip.

"Makau! Iko ule wa Ruiru!"

"Hallo, malkia wa sifuri."

"Daktari wa mashine, umekula?"

"Nimekula, lakini sijashiba. Sijakuona siku nne."

"Unahesabu?"

"Nina kompyuta, mpenzi. Inahesabu yenyewe."

"Muongo! Kompyuta yako hata tarehe hujui kama iko sawa."

Pradip aliweka gazeti chini. "Ambia yeye aje hapa Jumapili, Bhavna atapika. Hii simu mimi nalipa, bora nione sura ya mtu naye nalipia."

Nafuna alikuja. Alivaa sketi ya kijani na blauzi nyeupe yenye kola ya lesi, na mke wa Pradip akamlisha hadi akaomba msamaha. Jioni, Makau alimsindikiza. Walipofika mbele ya kiwanda cha nguo akamshika mkono, na Nafuna hakuuondoa.

"Nikuambie kitu kimoja, Makau," alisema. "Mimi nilianza ile ofisi peke yangu. Nimefundishwa na watu wengi jinsi ya kufanya kazi yangu bila kuwauliza. Ukitaka kunisaidia, uliza kwanza."

"Nitauliza."

Alisema hivyo kwa moyo wote. Lakini mwanamume aliyependa huwa na mikono mirefu kuliko masikio.

* * *

Mteja mkubwa wa Nafuna alikuwa shule ya bweni ya wasichana upande wa Theta. Wanafunzi mia sita na kumi na wawili. Kazi hiyo ndiyo iliyolipa ofisi, ndiyo iliyowapa chakula yeye na Ngendo, msaidizi wake. Bila shule hiyo angefunga mlango na kurudi kuwa karani wa mtu.

Shule ilifunga muhula Ijumaa, tarehe mbili Agosti. Walimu, kama kawaida yao, walichelewesha alama. Jumatano, tarehe thelathini na moja, Nafuna aliwasha mashine saa mbili asubuhi na kukuta maandishi mekundu: leseni imekwisha. Wakala walimwambia anunue mpya. Aliomba siku tatu tu. Wakamwambia kompyuta ndiyo inayoamua, si wao.

Alimpigia Makau akamweleza, kisha akaenda Theta kuchukua alama za mwisho. Njia nzima aliwaza namna ya kumwomba mwalimu mkuu muda.

Makau hakusubiri. Saa sita alikuwa Ruiru. Ngendo alimfungulia, akamwona akikaa mbele ya mashine, akigusa vitufe vichache, akicheka peke yake. Alikuwa amerudisha saa ya kompyuta nyuma mwaka mmoja. Ni ujanja wa mafundi wote wa wakati huo: ukiiambia mashine kwamba ni Julai ya tisini na tano, leseni inakuwa hai. Alikuwa amefanya hivyo kwa programu za hesabu za maduka mengi ya Thika, na hakuna aliyewahi kulalamika. Akaandika kwenye karatasi, "Imefunguka. Chapa, mpenzi," akaibandika kwenye skrini, akarudi Thika akipiga mluzi.

Nafuna aliporudi alidhani Makau amembembeleza Viren wa Nairobi akakubali. Aliibusu ile karatasi mbele ya Ngendo, bila aibu. Printa ililia Alhamisi kutwa. Nafuna alikagua alama, Ngendo akakagua majina na kutia katika bahasha. Darasa hakuna aliyelikagua. Nani hukagua darasa? Programu hulijua yenyewe: inatazama mwaka ambao msichana aliingia shule, inatazama saa ya mashine, inatoa jibu.

Ijumaa saa nne, uwanja wa shule ulijaa wazazi na masanduku ya chuma. Mama mmoja mwenye kofia kubwa ya zambarau alifungua bahasha.

"Mwalimu, huyu wangu si yuko Form Four? Mbona hapa ni Form Three?"

"Na wangu ni Form Two, ameandikwa Form One!"

Kisha baba mmoja aliinua karatasi juu kama refa na kadi. "Wangu yuko Form Zero! Jameni, Form Zero ni wapi?"

Wasichana walianguka kwa kicheko. Ripoti zilisema shule itafunguliwa Septemba ya tisini na tano. Mwalimu mkuu, Simeon, hakucheka. Alimwita Nafuna ofisini.

"Nataka zote upya kufikia Jumatano, tuzitume kwa posta. Zikikosa, usirudi hapa."

"Mwalimu, sijui hii imetokeaje..."

"Mimi pia sijui. Lakini nina barua ya fundi wa Thika aliyetaka kazi hii. Anaitwa Makau. Labda yeye anajua madarasa."

* * *

"Iko ule wa Ruiru," Pradip alisema, "lakini leo sauti yake iko mbaya."

"Hallo, malkia..."

"Usiniite hivyo. Uligusa saa ya mashine yangu?"

Makau aliipa kaunta mgongo. "Niliirudisha nyuma. Nilitaka..."

"Ulitaka kazi yangu! Uliandikia shule yangu barua, Makau. Halafu ukaja ukaniharibia ripoti mia sita ili wewe ufunguliwe mlango. Na mimi nilibusu karatasi yako!"

"Ripoti zimeharibika? Nafuna, nisikize..."

Nafuna alikata simu. Makau alibaki ameshika mkono wa simu. Polepole akaelewa. Katika maduka, ujanja ule haukudhuru, kwa sababu spana haipandi darasa. Mtoto hupanda.

"Pumbavu," alijiambia.

"Mimi sikutaka kusema," Pradip alijibu.

Alipiga simu mara saba siku hiyo na Jumamosi. Kila mara Ngendo alijibu, "Amesema hayuko." Mara ya saba alimsikia Nafuna nyuma ya Ngendo akisema, "Mwambie nimehamia mwaka wa tisini na tano."

Nafuna naye hakuwa na raha. Alijaribu kurudisha saa mahali pake, programu ikajifunga. Akairudisha nyuma, madarasa yakaharibika. Alianza kuandika ripoti kwa taipureta, moja moja. Kufikia Jumamosi jioni alikuwa na arobaini na tatu, na vidole vilikuwa vinamuuma.

Jumapili asubuhi pikapu ya Pradip ilisimama mbele ya bucha. Makau aliteremka akiwa amekumbatia kitu kilichofungwa kwa blanketi, akapanda ngazi akihema. Pradip alimfuata na kibodi.

Nafuna alisimama mlangoni. Alivaa leso kiunoni na fulana kuukuu, macho mekundu, na bado Makau aliona hajapata kuona mwanamke mzuri kama yeye.

"Hii ni nini?"

"Mashine yangu. Leseni haihami, kwa hiyo nimeihamisha mashine yenyewe. Iko hai mpaka Oktoba, na tarehe yake ni ya leo. Naomba ruhusa kuingia nayo. Ukisema hapana nitaiacha hapa kwenye ngazi uitumie bila mimi."

"Na barua?"

"Niliandika Januari. Niliandikia shule kumi na nne, kutoka hapa mpaka Gatundu. Sikukujua, na nilikuwa na njaa. Hakuna hata moja iliyonijibu."

"Mbona hukuniambia uliponijua?"

"Niliona aibu. Wewe una wateja, mimi nina Pradip."

"Mimi ni mteja mzuri," Pradip alisema kutoka ngazini. "Hii kibodi iko nzito."

Nafuna aliuma mdomo asicheke. "Barua nakusamehe. Lakini saa? Ungeniambia tu, ningekukataza! Mimi najua programu ile inatumia tarehe."

"Najua. Uliniambia niulize, nami sikuuliza. Nilitaka unione shujaa. Kesho nitakwenda kwa mwalimu Simeon nimwambie kosa ni langu."

Nafuna alikaza fundo la leso. Kisha akasogea mlango ukawa wazi.

"Ingia. Weka pale dirishani. Ngendo, leta diski za alama."

Walifanya kazi siku nzima. Makau hakugusa kitufe bila kuuliza, mpaka ikawa kero.

"Naomba kubadilisha utepe wa printa."

"Badilisha."

"Naomba kupiga chafya."

"Makau, nitakupiga!"

Ngendo alikagua kila darasa kwa sauti. Ripoti ya kwanza ya Form One ilipotoka ikiwa na namba moja, Nafuna alimrukia Makau shingoni, wote wawili wakagonga meza, printa ikakwama.

* * *

Jumatatu saa nane, siku mbili kabla ya wakati, waliingia ofisini kwa mwalimu Simeon na maboksi mawili. Makau alikuwa amefunga tai ya kuazima. Nafuna alivaa suti ya rangi ya damu ya mzee na viatu vya visigino.

Mwalimu alichambua bahasha ishirini, akanyanyua uso. "Sawa. Na huyu?"

"Mimi ndiye Makau, mwalimu. Ni mimi niliyerudisha saa ya mashine bila yeye kujua. Yeye hana kosa. Ile barua yangu ichane."

Mwalimu Simeon aliichukua barua kutoka kwenye faili, akaitazama, akaichana vipande viwili. "Muhula ujao ripoti zitatoka kwa nani?"

"Kwangu," Nafuna alisema. "Tutatumia mashine yake. Oktoba ikifika tutanunua hiyo Ripota mpya, mimi na yeye, moja tu. Na ile mashine mpya pia."

"Tutanunua? Huyu ni nani wako hasa? Nataka kujua ninayempa shule yangu."

Nafuna alimgeukia Makau. "Sijui. Yeye mwenyewe hajaniuliza."

Makau alilegeza tai. Alitazama maboksi, akatazama picha za walimu wakuu wa zamani ukutani, akamtazama Nafuna.

"Nafuna, naomba kuuliza."

"Uliza."

"Utakubali nikuoe? Nije kwenu Bungoma na wazee, na Pradip na Bhavna?"

Nafuna aliweka mkono mdomoni. Nje, mtunza bustani aliacha kufyeka.

"Mama," mwalimu Simeon alisema, "mjibu mtoto wa watu. Nina mkutano saa nane na nusu."

"Ndiyo," Nafuna alisema, machozi na kicheko vikimtoka pamoja. "Ndiyo, Makau. Lakini saa ya nyumba nitaigusa mimi tu."