Chokaa Kwenye Viwiko

Rafadha haikuwepo. Lile pangaboi la shaba linalosukuma chombo majini, zito kama mbuzi, lilikuwa limefunguliwa nati moja moja, na nyuma ya kivuko ukabaki mhimili mtupu.

"Kesho saa tatu mkaguzi wa vyombo anakuja," alisema Fowsiya, mwenye karakana iliyokijenga. "Asipokiona kikitembea, zabuni inakwenda kwa boti za plastiki kutoka nje. Miaka minne nakijenga, afande! Chuma nimetozwa ushuru mpaka nimekonda!"

Inspekta Raho Kerrow alikuwa mwanamke wa Buna, ambako mto ni habari ya kusikia tu. Lakini mafuriko ya Tana yalipokata barabara, alikwama Madogo siku kumi na moja, mwanawe akiumwa Garissa, ng'ambo ya pili. Alikitaka kivuko hiki kuliko alivyoweza kuandika kwenye ripoti.

"Imeibwa saa ngapi?"

"Wakati wa sala ya Ijumaa. Mimi nilikuwa nyumbani, wanaume wote msikitini, hata mlinzi."

Vidole vyote vilimwelekea Abdiwahab, wakala wa boti za nje. Raho akapiga simu. Jamaa alikuwa Ifo, kambi ya wakimbizi ya mbali, tangu asubuhi, na askari wa zamu huko akathibitisha. Basi Raho akawapanga mafundi mstari mmoja.

"Kunjeni mikono ya kanzu."

Mikono ilikuwa safi, isipokuwa ya Mahat, fundi mkuu wa kuchomelea, abti yake Fowsiya, ndugu wa mamake. Yeye alikuwa na chokaa hadi viwikoni.

"Ulikuwa wapi saa saba, adeer?" Raho aliuliza, akimwita ami kwa heshima.

"Msikitini, walla..."

"Usiape! Ulitawadha kwa maji gani yasiyotoa chokaa?"

Mahat akaikunjua mikono ya kanzu upesi. Raho akamgeukia Fowsiya.

"Chokaa hapa ni ya nini?"

"Ya kupima mshono wa chuma. Unapaka chokaa ndani, mafuta ya taa nje. Ukivuja, doa linatokea. Lakini tulipima juzi, abti akasema ni salama."

Raho akaingia tumboni mwa kivuko na tochi. Kwenye chokaa mpya palikuwa na doa jeusi, refu kama kidole. Alipotoka, mzee alishaketi mchangani.

"Ni mimi, afande. Rafadha imo ndani ya pipa la maji. Juzi nilidanganya. Vijiti vya kuchomelea vilikaa bandarini miezi mitatu, vikashika unyevu, mshono ukavuja. Nilitaka siku mbili tu niurudie."

"Kwa nini hukusema?"

"Nisemeje? Mji mzima unatucheka, eti wachunga ngamia wanajenga meli! Nikikiri kosa, watasema hatuwezi. Nikinyamaza, watu watazama. Nikaona heri idhaniwe ni wizi, ukaguzi uahirishwe."

"Abti!" Fowsiya alilia kwa hasira. "Mimi ndiye wa kufichwa?"

"Dada, unashtaki?" Raho aliuliza.

"Sijaibiwa kitu. Vijiti vikaushwe kwa jirani, kwenye tanuri la mikate ya muufo, mshono urudiwe sasa hivi."

Mama mwenye tanuri alinung'unika wee, lakini vijiti vikaiva. Mahat akachomelea, akapaka chokaa, akapaka mafuta ya taa, Raho akimsimamia. Safari hii chokaa ilibaki nyeupe pe! Rafadha ikatolewa pipani, ikafungwa tena.

Asubuhi mkaguzi alipofika na nyundo yake, Mahat alimtangulia ndani, mbele ya watu wote.

"Anzia hapa, bwana. Mshono huu niliukosea, nikaurudia."

Mkaguzi akagonga, akamulika, akagonga tena. Kisha akapiga muhuri.

Kivuko kikaingia Tana, rafadha ikachafua maji, kikaukata mkondo hadi ng'ambo na kurudi. Ufuo mzima ukalipuka, na kigelegele kilichosikika kuliko vyote kilitoka kwa inspekta, aliyevaa sare kamili.