Mashine ya Tano

Yaliyomkuta rafiki yangu Riikka, kule mjini Oulu, kaskazini mwa Ulaya, hapendi kuulizwa. Mwenzake ofisini, Sauli, alisifiwa kwa mfumo wa kompyuta unaojifufua wenyewe: mashine moja ikizimika, nyingine inashika kazi yake. Wazo lilikuwa la Riikka. Keki ilikatwa kwa jina la Sauli. Riikka akaona wivu.

"Hebu shuka chini kwenye chumba cha mashine, uchomoe waya mmoja waone," Sauli alimwambia mbele ya wakubwa. "Mmoja tu, dada, usituue!"

Chini kulikuwa na mashine nne. Riikka akachomoa zote nne, ili Sauli aumbuke. Feni za mashine zikapunguza mvumo, zikanyamaza. Akatulia kusikiliza, na taa ya chumba, ambayo huzima yenyewe mtu asiposogea, ikazima.

Simu ikalia. Nyuma ya sauti ya Sauli watu walipiga makofi.

"Wewe kiboko! Umezima zote nne, na ya tano imebeba kazi yote. Umeileta lini?"

"Ya tano ipi?"

"Hii hapa kwenye skrini. Inaitwa Riikka."

Nyuma ya Riikka ulikuwepo ukuta mtupu. Huko huko feni ikaanza kuzunguka, polepole, ikampulizia hewa ya moto shingoni.