Karani na Kaburi la Shati

Kama unajiona jasiri, kataa. Sema Bujiku mwongo. Wamekwisha sema wengi, na hakuna hata mmoja aliyekubali kuja kwetu kuchungulia nyuma ya minyaa jua likizama. Mimi shule niliiacha darasa la tatu, lakini fahali namshika pembe kwa mkono mmoja. Woga nawaachia ninyi wa Ngokolo mjini mnaolala na taa.

Sikiliza.

Vita vya Wazungu vilimchukua kaka yangu Thobias, akaenda Burma na Keya, jeshi la Mwingereza. Tukaletewa habari kwamba amekufa huko. Mwili hakuna. Wazee wakasema asipozikwa atatusumbua, basi tukachimba kaburi nyuma ya ua wa minyaa, tukazika shati lake la kanisani, tukanyoa vichwa. Mama akaacha kucheka. Sisemi alipunguza. Aliacha.

Mbwa wa Thobias akahamia juu ya kaburi lile. Tulimwita Karani, maana hapiti mtu langoni bila yeye kumkagua. Na hasahau, usinibishie! Shangazi Paskazia alikaa Mwadui mpaka sisi tukasahau sura yake. Siku aliyorudi, Karani alimtambua akiwa bado ng'ambo ya lambo, akamwangusha chini na kikapu chake.

Haya. Vita vikaisha, mwaka ukapita. Kiangazi kikali, mbuga imepasuka nyufa za kumeza mguu. Jioni narudisha ng'ombe kutoka lamboni, napiga mluzi, sina habari. Mara ng'ombe wakasimama.

Wote.

Langoni palikuwa na mtu. Koti la Keya. Mfuko begani.

"Bujiku," akasema taratibu. "Umekuwa mkubwa."

Thobias!

Nilitaka kumrukia. Ndipo nikasikia harufu... udongo uliolowa. Udongo wa masika, na mvua tulikuwa tumeisahau.

Mama akatoka na mwiko. Mwiko ukaanguka.

"Mwadila, mayu," yule mtu akamwamkia kwa Kisukuma chetu.

Mama yangu si wa kuchezewa. Akamuuliza jina la ng'ombe aliyemlea kwa maziwa. Akajibu. Akauliza kovu la paja. Akapandisha suruali, kovu lipo. Akauliza nani alivunja mtungi wa bibi. Akajibu. Upesi... upesi kama mtu anayesomewa kando ya sikio.

"Muite Karani," nikamnong'oneza mama.

Karani akaja. Hakubweka. Hakunguruma. Alimpita yule mtu kama anavyopita kisiki. Yeye, asiyempitisha hata kuku mgeni bila kumnusa! Akarudi zake nyuma ya minyaa. Halafu tukamsikia... akilia kile kilio cha furaha. Mkia ukipiga ardhi.

Pu. Pu. Pu.

Kisha makucha, yakifukua.

"Mama, hamjui."

"Mbwa ni mbwa, we mtoto! Miaka yote hiyo! Hata wewe angekusahau, na hiyo harufu yako ya zizi!"

Yule mtu akacheka.

Na mama akacheka.

Nakwambia alicheka, mpaka akashika ubavu. Sauti ile sikuwa nikiikumbuka tena. Akamshika mkono mwanawe, wakavuka kizingiti.

Yuko mpaka leo. Nenda kamuone. Pamba yake ni safi kuliko ya mtu yeyote, mama anamchotea maji, haugui, hatoki jasho hata akilima adhuhuri. Karani hajawahi kumgeuzia jicho.

Watu wakiniuliza jioni ile nilifanya nini, huwa nasema nilikula michembe yangu ya viazi nikalala.

Bado umekaa? Basi sogea. Hili sijamwambia mtu.

Sikula. Mama alipokuwa jikoni, nilikwenda nyuma kumfukuza Karani. Nilimkuta amezama shimoni hadi mabega. Alikuwa analamba kitu. Sikuona nini, giza lilikuwa limeshatangulia humo chini. Nikainama. Palinuka jasho. Jasho la mtu aliye hai.

"Nani?" nikanong'ona.

Karani akaacha kulamba.

"Kidole," sauti ikasema. "Kidole, nivute."

Nilipokuwa mdogo nilinyonya kidole malishoni, nikijificha. Thobias ndiye aliyenifuma. Akanipa jina hilo, akaniapia hatalitamka mbele ya mtu mwingine. Hata mama halijui.

Yule wa langoni aliniita Bujiku.

Nikaingiza mkono shimoni. Vidole vikagusa vidole. Vya moto.

Ndani ya nyumba mama akacheka tena.

Nikautoa mkono. Nikamvuta Karani kwa ukosi, anapiga kelele, ananing'ata, mimi navuta. Nikarudisha udongo. Nikaushindilia kwa kisigino, polepole, mama asisikie.