Funika Jina Kwanza

Fundi Viatu hakuwa na haya na redio. Kila asubuhi alifungua kibanda chake, akaiwasha, akaanza kubishana nayo. Mgombea wake akihutubia, alipiga makofi. Mgombea wa upande wa pili akihutubia, alipiga nyundo.

Kaka yake mkubwa, kinyozi wa mtaa wa pili, alikuwa wa upande huo wa pili. Kampeni zilipoanza walirushiana maneno makali. Sasa ulikuwa mwezi wa pili hawasalimiani. Fundi alijinyoa mwenyewe, akajikata kidevu, akasema hajali. Uongo mtupu. Alimkumbuka kaka yake kila siku.

Binti ya Fundi alikuwa daktari, ila si wa sindano. Alikuwa amesomea lugha hadi shahada ya mwisho, na chuo kikuu kilimpa kazi ya utafiti ya miaka miwili. Aliifundisha kompyuta kusoma hotuba za wanasiasa na kutenganisha ahadi, hoja na matusi.

Jioni moja alirudi amenuna.

"Baba, kompyuta yangu ina upendeleo. Inaona matusi upande mmoja tu."

"Nani kaifundisha?"

"Mimi."

"Mtoto wa nyoka ni nyoka!" Fundi alicheka.

"Na nyoka mwenyewe ni nani?" mama aliuliza kutoka jikoni.

Binti naye akacheka. "Kompyuta haijui siasa, baba. Inaiga alama tunazoweka sisi kwenye kila sentensi. Mimi niliziweka peke yangu, huku naona jina la msemaji. Niliyempenda nilimsamehe. Sasa nataka watu wawili, wa pande mbili. Kila mmoja asome peke yake, na majina yafunikwe. Baba mkubwa ameshakubali."

Fundi alipapasa kidevu alichojikata. "Sawa. Kwa ajili yako tu, mwanangu."

Jumamosi ndugu wawili walikaa sebuleni, wamepeana mgongo. Kila mmoja alikuwa na karatasi yenye sentensi zilezile arobaini za hotuba, akiandika kando ya kila moja: ahadi, hoja au tusi. Walipomaliza, binti alihesabu.

"Mmekubaliana thelathini na moja."

"Haiwezekani!" walisema kwa pamoja.

"Ya saba, wote mmeandika tusi. Baba, umeongeza na maneno pembeni: 'Huyu hana adabu.'"

"Hana kabisa! Nani huyo?"

Binti alifunua jina. Alikuwa mgombea wa Fundi mwenyewe. Fundi aliikumbuka hotuba ile. Aliipigia makofi kibandani.

"Nyani haoni kundule," kinyozi alisema.

"Baba mkubwa, subiri," binti alisema. "Ya kumi na mbili umeandika tusi. Ni ya mgombea wako."

Kinyozi alijikuna kichwa. Fundi alitamani kucheka, akajizuia.

"Zimebaki tisa mlizotofautiana," binti aliendelea. "Kazi yetu ina kanuni. Kila mmoja amweleze mwenzake kwa nini. Anayesikiliza asikatize."

Basi ikabidi wageuze viti. Walianza kwa ukali. Walipofika ya nne kati ya hizo tisa, kinyozi alishusha sauti.

"Huyu anasema vibanda ni uchafu wa barabarani. Wewe umeandika hoja."

"Anazungumzia usafi wa mji, kaka."

"Mimi nina kibanda, mdogo wangu. Niliposikia vile, niliona nafukuzwa."

Fundi alitazama chini. Yeye pia alikuwa na kibanda. Hakuwahi kuisikia sentensi ile hivyo.

"Mbona hukuniambia?"

"Nilikuambia. Ulikuwa unapiga kelele."

"Nisamehe, kaka."

"Yamekwisha. Na mimi nilikuwa na kelele zangu."

Binti alitafuta wasomaji wengine wa pande zote, akaifundisha kompyuta upya. Safari hii iliona matusi popote yalipokuwa. Na Fundi alijifunza kazi ya binti yake bila kompyuta: akisikia hotuba, kwanza hujiuliza, "Ingesemwa na mwingine, ningesemaje?"

Siku ya kura ndugu wawili walisimama kwenye foleni moja. Kila mmoja alimpigia mtu wake, kama alivyokusudia tangu mwanzo. Fundi alimaliza kwanza. Hakuondoka. Alisimama nje mlangoni, akamsubiri kaka yake.