Nyumba Kumi na Moja za Bondeni

Kila Jumamosi asubuhi, jua likiwa bado halijakolea, mama yake Chiriku alivaa koti lake la buluu la mhudumu wa afya, akajaza mkoba pakiti za dawa ya kuongeza maji mwilini, akachukua simu aliyokabidhiwa na zahanati na kwenda kupiga hodi mlango kwa mlango. Chiriku alibaki nyumbani akiosha vyombo na kuimba. Alikuwa na miaka kumi na miwili, na jina hilo alibandikwa na majirani kwa sababu mdomo wake haukujua kupumzika.

Ndani ya simu ile mlikuwa na programu yenye akili mnemba. Siku moja mama alimweleza inavyofanya kazi.

"Mimi nauliza nani anaharisha, nani anatapika, na maji wanachota wapi. Wenzangu nao wanauliza mitaa mingine. Programu inasoma majibu yetu yote, inayalinganisha, halafu inamwonyesha daktari ugonjwa unaanzia wapi. Anapeleka gari la dawa huko kabla mambo hayajaharibika."

"Kwa hiyo inajua kila kitu?"

"Inajua tulichoiambia, basi. Hebu suuza hiyo sufuria vizuri."

Ijumaa moja mama aliteleza bafuni, akateguka kifundo cha mguu. Kilivimba hata kiatu hakikuingia. Alipaswa kutoa taarifa zahanati ili atumwe mtu mwingine, lakini aliona aibu kuuacha mtaa wake. Akamwita binti yake.

"Mwanangu, kusoma unajua, kuuliza ndiyo kabisa. Kesho nenda badala yangu. Ukikuta anayeharisha, mpe pakiti, kisha njoo mbio uniambie."

Chiriku alizunguka nyumba za juu bila shida. Watu walimtania, "Daktari wetu leo mfupi!" naye akacheka. Kufikia saa nne zilibaki nyumba kumi na moja za Bondeni, ng'ambo ya mtaro. Mvua ya jana ilikuwa imeacha tope la kufika vifundoni. Upande wa pili, uwanjani, wenzake walikuwa wameanza mashindano ya kuruka kamba.

"Chiriku! Tumepungua mmoja, njoo!"

Aliliangalia tope, akauangalia uwanja. Kisha akaketi kwenye kibaraza cha duka lililofungwa, akaifungua simu. Nyumba ya kwanza: hakuna mgonjwa. Nyumba ya pili: hakuna mgonjwa. Kila mara programu iliuliza, "Una uhakika?" na kila mara alibonyeza "Ndiyo". Akamaliza zote kumi na moja, akakimbilia kamba.

Jioni mama alitazama mkoba. "Pakiti zimerudi zote?"

"Hakuna anayeumwa, mama."

"Afadhali," mama alisema, akashusha pumzi.

Jumatatu, msichana aliyekaa naye dawati moja hakuja shuleni. Alikuwa binti wa fundi viatu wa Bondeni. Chiriku alidhani ana mafua. Jumanne hakuja. Jumatano mwalimu aliingia darasani, akasema kwamba mdogo wake yule msichana, mtoto wa miaka mitatu, alikuwa amefariki kwa kuharisha. Baba yake alimbeba mbio hadi zahanati, lakini alichelewa. Vitanda vya zahanati vilikuwa vimejaa watu wa Bondeni.

Jioni hiyo Chiriku aliosha vyombo bila kuimba.

Kesho yake daktari alifika nyumbani kwao. Nje majirani walikuwa wamesimama vikundi vikundi, na mmoja alipaza sauti kusudi asikike: "Mashine yao imetuulia mtoto!"

Daktari aliweka ramani mezani. "Mama, programu ilionyesha Bondeni hakuna hata mgonjwa mmoja. Gari la dawa nikalipeleka upande mwingine. Jumamosi ulifika kule?"

Mama alimgeukia binti yake.

"Sikwenda," Chiriku alisema. "Niliandika tu. Nilikwenda kuruka kamba."

Alitegemea kofi, au angalau kelele. Mama alijishika kichwa. Daktari aliivua miwani yake, akaifuta kwa muda mrefu.

"Na mimi nina langu," mama alisema hatimaye. "Kazi ya mtu mzima nilimpa mtoto, nikaficha. Daktari, simu hii utampa mwingine. Lakini leo tuache twende Bondeni, tuulize upya."

Walikwenda watatu, mama akichechemea kwa fimbo, Chiriku akiwa ameshika simu. Tope lilikuwa limekauka. Katika nyumba ya tano mlango ulifunguliwa na mke wa fundi viatu, na nyuma yake alisimama yule rafiki wa dawati.

Chiriku alisoma swali kwenye simu. "Mpo wangapi nyumbani?"

"Tulikuwa sita," mwanamke alijibu. "Andika watano."

Hapo ndipo Chiriku alipolia na kusema yote aliyoyafanya. Rafiki yake alimtazama bila kupepesa macho.

"Jumamosi tulikungojeni," alisema. "Mama alisema tusimpeleke mdogo wangu zahanati kwanza, mama yako atakuja na dawa. Tulingoja mpaka giza."

Akaingia ndani.

Majibu ya kweli yalipokamilika, programu haikuchukua hata dakika moja. Wagonjwa karibu wote walichota maji kwenye bomba moja. Mafundi walichimba na kukuta limepasuka pembeni mwa shimo la choo. Walilibadilisha, gari la dawa likaja, na ndani ya wiki mbili hakuna tena aliyeharisha Bondeni. Koti la buluu mama alilirudisha zahanati likiwa limefuliwa na kupigwa pasi. Darasani, binti wa fundi viatu aliomba kuhamia dawati jingine.

"Watu bado wanailaumu mashine," Chiriku alimwambia mama yake siku moja.

"Mashine iliamini ulichoiandikia," mama alijibu. "Daktari akaiamini mashine, mimi nikakuamini wewe. Mke wa fundi viatu alituamini kuliko wote, akakaa mlangoni akitungoja. Chombo kile kingeweza kumwokoa yule mtoto, mwanangu. Kilikosa kitu kimoja tu, mtu wa kukiambia ukweli."

"Atanisamehe, mama?"

"Sijui. Huenda asikusamehe, na usimlaumu. Umekosa, umekiri, na bado mtoto hayupo. Siku yoyote utakapopewa kazi ambayo hakuna anayekuona ukiifanya, ifanye kama vile mtu anakungoja mlangoni, kwa sababu mara nyingi yupo."

Chiriku aliitikia kwa kichwa.