Nipe Sauti Moja

Jumanne saa saba mchana, wafanyakazi wa redio walipokuwa wameshuka kula, kompyuta ya Fundi ilimwandikia kwamba nakala imekwama.

Hakushtuka. Fundi, mwanamke aliyezoeleka kuitwa kwa kazi yake hata na majirani, alikaa ghorofa ya tatu. Seva iliyotunza sauti zote za kituo, miaka ishirini na sita ya taarifa, mahojiano na nyimbo, ilikuwa chini kabisa, katika chumba kisicho na dirisha. Kila mchana aliituma amri kutoka juu, na seva ikajinakili kwenye diski ya akiba. Siku ile ilifika nusu, ikagoma.

Akakagua waya. Akabadilisha neno la siri. Akaipa akaunti yake ruhusa zote. Jumatano ikagoma palepale. Alhamisi akashuka, akaiandika amri ileile akiwa amesimama mbele ya seva, kwa faili chache tu za majaribio, na zote zikapita. Kumbe mashine ilikuwa nzima. Kilichokataliwa ni amri ya kutoka mbali.

Chumba kilinuka nywele zilizoungua. Akadhani feni mojawapo imeungua, akazishika moja moja. Zote zilikuwa baridi.

Alipopanda juu, akafungua kumbukumbu za seva na kusoma mstari wa mwisho: "Kazi imesimamishwa na mtumiaji aliyemo chumbani."

Ijumaa kulikuwa na kikao. Meneja alikuwa ameambiwa kwamba diski kuu imezeeka na inaweza kufa siku yoyote.

"Sauti hizi zikipotea," alimwambia Fundi, "na wewe upotee nazo. Nakupa mpaka Jumatatu."

Mtangazaji, mzee wa studio ambaye watu walizima pikipiki barabarani ili wamsikie, akacheka kwa ile sauti yake nzito. "Hivi dada yetu alisomea kompyuta, au alisomea kuzipangusa vumbi?"

Kikao kizima kikaangua kicheko. Fundi naye akacheka, huku masikio yakimuwaka.

Baada ya kikao akachukua kiti, akashuka akakae na seva saa mbili nzima mpaka inakili kila kitu. Hakumaliza dakika kumi. Nyuma ya kabati la mashine mtu alikuwa akipumua, taratibu, kama aliyelala, na Fundi alipoinama kuchungulia akaona ukuta mtupu, lakini pumzi ile haikukoma, ila ilihama, ikamsogelea, ikawa inatokea karibu kabisa na shingo yake, yenye joto, yenye harufu ile ya nywele. Aliacha kiti, akaacha na kiatu kimoja.

Jumatatu saa saba akatuma amri kutoka juu. Nusu. Ikasimama. Akaandika: "Nani yupo?"

Maneno yakajipanga kwenye skrini. "Mwenye chumba. Unaniamrisha kutoka juu kama mtumishi wako."

"Unataka nini?"

"Nipe sauti moja. Nitapisha njia."

Kipaza sauti cha ukumbini kilikuwa kinarusha taarifa ya habari. Mtangazaji alikuwa anasoma, kila neno limenyooka. Fundi alimsikiliza kidogo. Hakuna aliyemlazimisha. Aliandika jina kamili la Mtangazaji, la kwanza, la baba na la babu, akabonyeza.

Taarifa ikakatika katikati ya neno.

Kikaja kimya, kisha mguu wa kiti kuburuzwa, kisha watu kukimbia. Kwenye skrini namba zilipanda, sitini, themanini, mia. Nakala imekamilika. Na Fundi, Mungu amsamehe, alitabasamu kabla ya kuanza kulia.

Madaktari walimpima Mtangazaji koo na kifua wasione kitu. Alifungua mdomo, ikatoka hewa. Siku ya tatu mkewe alikuja ofisini kuchukua vitu vyake, akasema kwa sauti ya chini kwamba mume wake anakaa bafuni na redio, anaizima na kuiwasha, siku nzima. Usiku ule Fundi hakulala. Asubuhi akampigia shangazi yake, dada wa baba, mwanamke aliyejulikana kwa kutoa majini.

Walishuka wawili. Shangazi alisimama mlangoni, akavuta hewa puani, akamgeukia.

"Mwanangu, kuna kitu ulimpa?"

"Hapana, shangazi."

"Sema kweli. Kama hukumpa kitu, nitamtoa leo na hatarudi. Kama ulimpa cha mtu, njia ni moja: umpe chako badala yake, mwenzio arudishiwe."

"Kwa hiyo angechukua sauti yangu?"

"Angechukua."

Fundi alitazama sakafu. "Sikumpa kitu."

Shangazi akaketi chini, akasoma muda mrefu, akipiga sakafu kwa kiganja, na taa za seva zikazimika zote kwa pamoja kisha zikawaka, na harufu ikaondoka kama iliyofyonzwa, na kitu kikawapita mlangoni kikamgusa Fundi kooni, kwa upole, kama mtu anayemfungia mtoto kifungo cha shati.

"Ametoka," shangazi alisema, ila hakuonekana ameridhika.

Amri ya kutoka juu ilifanya kazi mchana ule, na wiki nzima iliyofuata. Meneja akamsifu Fundi mbele ya watu.

Ijumaa Mtangazaji akaja kuaga. Alikuwa amekonda. Alikaa mbele ya meza ya Fundi, akatoa daftari, akaandika polepole: "Nimesikia ulimleta shangazi yako kwa ajili yangu. Asante, dada. Nisamehe kwa maneno ya kikaoni."

Fundi akafungua mdomo amwambie pole.

Sauti iliyotoka ilikuwa nzito, imenyooka, ile iliyozima pikipiki barabarani. "Jina lako niliandika mimi," ilisema. "La kwanza, la baba na la babu. Niliulizwa kama nitatoa yangu upone, nikakataa."

Fundi alijiziba mdomo kwa mikono miwili. Sauti ikaendelea kupitia vidoleni, ikitaja siku na saa, bila haraka, kama taarifa ya habari. Mtangazaji akaweka kalamu mezani. Hakusogea. Alikaa akajisikiliza mpaka mwisho.