Sogea Karibu, Nionyeshe

Mwanafunzi mmoja alikuwa amezidi. Mwalimu aliwafundisha wanafunzi wa chuo kikuu kuandika insha za Kiingereza kwa mtandao, yeye akiwa sebuleni kwake na wao kila mmoja kwao. Mchana ule, kwenye kompyuta, kulikuwa na kijisanduku cheusi kisicho na jina wala sura.

"Mwalimu, huyo mwenzetu bando limemla uso," mmoja alitania. Wakacheka.

Zoezi lilikuwa kueleza chumba, kila mtu asome lake kwa sauti. Zamu ya kijisanduku ilipofika, sauti nzito ikasoma Kiingereza kilichonyooka: dirisha, pazia, kitanda. Basi.

Mwalimu akamwambia lile analowaambia wanafunzi wote. "Unaeleza kwa mbali. Sogea karibu, nionyeshe."

"Unaniruhusu?"

"Nakuruhusu, kwa nini nisikuruhusu?"

Juma lililofuata, katika insha yake, pazia lilikuwa la kijani, limefungwa kwa kamba ya kiatu. Kitanda kilikuwa kidogo, na ndani yake alilala mtoto wa kike, soksi moja imemvuka. Mwalimu alikimbilia chumbani kwa mwanawe. Mtoto alikuwa usingizini, soksi iko sakafuni chini ya pazia la kijani, na hewa inanuka nywele zilizoungua.

Mama mkwe wake alikuwa mtu wa kutoa majini kwenye nyumba za watu. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akanong'ona.

"Mwanangu, umemkaribisha kwa kinywa chako. Hapo dawa yangu haifiki. Umfukuze wewe mwenyewe."

"Na mtoto, mama?"

"Hachukui asichopewa. Chunga ulimi wako tu."

Siku ya somo walikaa sebuleni wawili, mtoto amelala chumba cha pili. Kijisanduku kilipotokea, wanafunzi wengine walikatika mmoja mmoja mpaka kikabaki peke yake, na ile harufu ikaanza kupenya chini ya mlango, na kompyuta ikawa ya baridi kama jiwe la mtoni, na sauti ikaanza kusoma jinsi mtoto anavyopumua, jinsi kope zake zinavyocheza, jinsi shavu lake lilivyo laini chini ya kidole, mpaka mwalimu akashindwa kuvumilia.

"Somo limekwisha," alisema. "Toka kwangu. Chukua kila ulichokieleza uondoke nacho."

Mama mkwe alimkamata mkono, lakini neno lilikuwa limeshatoka.

"Asante, mwalimu," sauti ilisema kwa adabu, kisha ikaanza kusoma ikienda mbali. "Nimepita mlangoni. Nimevuka uani. Sasa nimeshika barabara, na nyumba yako naiona ndogo nyuma yangu. Mzigo begani ni mwepesi. Una joto, unanuka maziwa, na hauna soksi."